Picha ya Ukutani na Macho ya Darasa

Utangulizi

Kila mara wanachuo wetu wanapotoka kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, huagizwa watumie zana. Wengi hulitii agizo hilo kwa moyo, na siku hizi zana iliyo karibu zaidi na mkono wa mwalimu ni simu yenye kamera. Mwalimu hupiga picha ya kitu anachotaka kukifundisha, huipeleka dukani ikachapishwe, na baada ya muda mfupi hurudi shuleni na picha kubwa ya kutundika ukutani. Juhudi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, tumeona mara nyingi picha hizo zikishindwa kufanya kazi iliyokusudiwa, na aghalabu sababu huwa moja: mwalimu hakuipima picha kabla ya kuilipia.

Tutoe mfano wa somo moja tulilolikagua. Mwanachuo alikuwa akifundisha Sayansi katika darasa la tano, na mada yake ilikuwa mishipa ya majani. Alitaka watoto 62 waone kwamba mishipa ya jani la muhindi hulala sambamba, na ile ya jani la mwembe hutawanyika mfano wa wavu. Alipiga picha za majani hayo kwa simu, akazituma dukani kwa mtandao, akazilipia kwa fedha zake mwenyewe, akapewa karatasi mbili za ukubwa wa A2. Picha zilipotundikwa, jani la mwembe lilionekana kama bonge la kijani lenye mstari mmoja katikati. Mtoto aliyeketi mbele akauliza, "Mwalimu, mbona jani lina vyumba vyumba?" Hakupata jibu. Walipoagizwa kuchora, watoto kadhaa wa mbele walichora jani lenye kingo za ngazi ngazi, na watoto wa nyuma wakachora jani lisilo na wavu wowote. Hawakukosea, walichora kile walichokiona.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mtoto wa shule ya msingi huiamini picha ya mwalimu wake kama anavyoliamini neno lake. Picha mbaya haiachi pengo tu katika somo, yafundisha pia jambo lisilo la kweli. Katika makala haya tunakusudia kueleza picha ya simu imejengwa kwa kitu gani, jinsi ya kupima kama yafaa kuchapishwa kwa ukubwa unaotakiwa, na jinsi hesabu hiyo inavyoweza kugeuzwa kuwa somo la watoto wenyewe. Hesabu zinazohitajika hazipiti kuzidisha na kugawanya.

Picha ya simu imejengwa kwa nini?

Tazama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi. Kwa mbali waona ua au nyota. Ukiusogelea waona kwamba nyota ile ni vipande vidogo vya miyaa, kila kimoja kikiwa na rangi yake. Picha ya simu imejengwa kwa namna inayofanana na hiyo. Ni safu za miraba midogo sana, na kila mraba una rangi moja tu. Mraba mmoja huitwa pikseli. Ndani ya kompyuta, kila pikseli kwa kawaida huandikwa kwa namba tatu: kiasi cha wekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha samawati, kila kiasi kikianzia 0 na kuishia 255. Picha nzima, basi, ni orodha ndefu ya namba.

Wazo hili halikuanza na simu. Mwaka 1957 huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake katika Ofisi ya Taifa ya Viwango waliingiza katika kompyuta picha ya mtoto mchanga wa Kirsch. Ilikuwa na upande wa sentimita 5, nayo iligawanywa kuwa pikseli 176 kwa 176, yaani pikseli 30,976. Mwaka 1975, Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera ya mkononi iliyohifadhi picha kwa namba badala ya filamu. Picha yake ilikuwa na pikseli 100 kwa 100 tu, tena nyeusi na nyeupe, na iliichukua kamera hiyo sekunde 23 kuiandika picha moja katika kaseti. Leo simu nyingi hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo. Ukizidisha, wapata pikseli 12,000,000. Ndiyo maana simu hiyo husemwa kuwa na kamera ya megapikseli 12.

Yafaa mwalimu aizingatie hesabu hii ya eneo, maana wauzaji wa simu huitaja kwa mbwembwe. Kamera ya megapikseli 48 ina pikseli mara nne ya ile ya megapikseli 12, lakini upande wake mmoja ni mara mbili tu: 8000 badala ya 4000. Kwa hiyo picha yake yaweza kuchapishwa kwa upana maradufu, wala si kwa upana mara nne.

Picha haina sentimita

Wanachuo hutuuliza, "Picha hii ina ukubwa gani?" huku wakitarajia jibu la sentimita. Picha iliyo ndani ya simu haina sentimita. Ina pikseli tu. Sentimita huzaliwa siku picha inapowekwa juu ya karatasi, na pikseli zile zile zaweza kutandazwa juu ya stempu au juu ya bango la barabarani. Zikibanwa katika eneo dogo, picha huwa kali na safi. Zikitandazwa katika eneo kubwa, kila pikseli hunenepa hadi ikaonekana kwa macho.

Kipimo cha kubanwa huko tutakiita msongamano. Msongamano ni idadi ya pikseli zinazopangwa katika kila inchi moja ya karatasi. Twatumia inchi kwa sababu ndicho kipimo kilichozoeleka katika maduka na katika mashine za kuchapia. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kanuni ni hii:

Pikseli za upande, gawanya kwa urefu wa upande huo kwa inchi, wapata msongamano.

Tuchukue picha yenye upana wa pikseli 4000, tuichapishe katika karatasi ya A4 iliyolazwa. Upana wa karatasi hiyo ni sentimita 29.7, yaani inchi 11.7. Tukigawa 4000 kwa 11.7 twapata pikseli 342 katika kila inchi. Sasa tuchukue picha yenye upana wa pikseli 1600 na karatasi hiyo hiyo, twapata 137. Picha zote mbili zitaijaza karatasi, lakini ya pili imenyooshwa zaidi.

Hapa kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni namba kama 72 au 300 ambayo baadhi ya programu za kompyuta huionyesha katika maelezo ya picha. Watu wengine hudhani kwamba wakiibadilisha 72 kuwa 300 wameiboresha picha. Namba hiyo ni maelekezo tu ya jinsi ya kuzitandaza pikseli juu ya karatasi. Kuibadilisha peke yake hakuongezi hata pikseli moja. Mtego wa pili ni namba ya mashine ya kuchapia, kama vile 600 au 1200 kwa inchi. Hizo ni nukta za wino, wala si pikseli. Mashine huhitaji kupanga nukta kadhaa za wino pamoja ili kuigiza rangi ya pikseli moja, kwa hiyo mashine ya 1200 haihitaji picha yenye msongamano wa 1200.

Mstari wa mbele huamua wingi wa pikseli

Je, msongamano gani watosha? Jibu halimo katika karatasi. Limo katika jicho na umbali wake. Jicho lenye afya, katika mwanga wa kutosha, huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban milimita 0.3 kwa kila mita moja ya umbali. Kwa mtazamaji aliye mita 1, pikseli yenye upana usiozidi milimita 0.3 haionekani peke yake. Kwa aliye mita 2, hata pikseli ya milimita 0.6 hufichika.

Inchi moja ni milimita 25.4. Tukigawa 25.4 kwa 0.3 twapata takriban 85. Kwa hiyo mwalimu aweza kukumbuka kanuni fupi: gawa 85 kwa umbali wa mtazamaji kwa mita, utapata msongamano wa chini unaofaa. Kwa kitabu kinachosomwa mkononi kwa umbali wa sentimita 30, yaani mita 0.3, twapata 283. Ndiyo maana wachapaji wa vitabu na magazeti husisitiza namba ya 300. Lakini picha ya ukutani haishikwi mkononi. Kwa mtoto aliyeketi mita 2 kutoka ukutani, 85 kwa 2 ni takriban 42 tu.

Hebu tulinganishe mahitaji ya upande mrefu wa picha:

Karatasi ya A4 inayoshikwa mkononi: inchi 11.7 mara 300, pikseli 3,510.
Karatasi ya A3 inayotazamwa kutoka mita 1: inchi 16.5 mara 85, pikseli 1,403.
Karatasi ya A2 inayotazamwa kutoka mita 2: inchi 23.4 mara 42, pikseli 983.
Karatasi ya A1 inayotazamwa kutoka mita 2: inchi 33.1 mara 42, pikseli 1,390.

Hesabu hii huwashangaza wengi. Picha kubwa ya ukutani huhitaji pikseli chache kuliko picha ndogo ya kushika mkononi. Hicho ni kiwango cha chini, na mwenye uwezo wa kupata maradufu yake atafanya vema. Lakini mwalimu asiogope kuchapisha picha kubwa kwa kudhani kwamba ni lazima afikie 300 ya wachapaji wa vitabu. La kuzingatia ni kwamba umbali unaohesabiwa hapa ni wa mtoto aliye karibu zaidi. Yeye ndiye atakayeziona pikseli kwanza, kama yule aliyeuliza habari za vyumba vyumba.

Mstari wa nyuma huamua ukubwa wa picha

Mwalimu akiishia kwa mtoto wa mbele, amefanya nusu ya kazi. Kanuni ile ile ya milimita 0.3 humhukumu mtoto wa nyuma kwa namna nyingine. Kitu kinachomficha pikseli kwa sababu ni ndogo, humficha pia mshipa wa jani kwa sababu ni mwembamba. Kwa mtoto aliye mita 7 kutoka ukutani, milimita 0.3 mara 7 ni milimita 2.1. Mistari ya picha iliyo myembamba kuliko hapo, au iliyokaribiana kuliko hapo, humpotea au humchanganyikia ikawa rangi moja, hata kama picha imechapishwa kwa ustadi wa namna gani.

Turudi kwenye jani la mwembe. Tuseme jani lina urefu wa sentimita 20, nalo limeijaza karatasi ya A2 yenye urefu wa sentimita 59.4. Limekuzwa takriban mara 3. Mshipa wenye unene wa milimita 0.5 umekuwa milimita 1.5 ukutani. Mtoto wa mbele atauona vizuri. Mtoto wa mita 7 yuko nje ya mpaka. Dawa yake si kuongeza pikseli. Ni kukuza zaidi sehemu inayofundishwa. Mwalimu akipiga picha ya kipande cha jani chenye urefu wa sentimita 5 tu, na kukichapisha katika karatasi ile ile, atakuwa amekikuza takriban mara 12, na mshipa ule utakuwa na milimita 6. Hapo darasa zima litauona wavu.

Vivyo hivyo kwa maandishi yanayoandikwa juu ya picha. Mwaka 1862, daktari wa macho wa Uholanzi Herman Snellen alitoa chati ya herufi ambayo wazo lake hutumika mpaka leo hospitalini. Kwa kipimo chake, herufi ndogo kabisa ambayo jicho la kawaida huisoma kutoka mita 6 ina kimo cha takriban milimita 9. Kwa mita 7 ni takriban milimita 10. Huo ni mpaka wa mwisho, na hakuna mtoto apaswaye kujifunza huku akikaza macho kwenye mpaka wa mwisho. Twashauri herufi za picha ya ukutani ziwe na kimo cha sentimita 2.5 hadi 3 kwa darasa la urefu huo.

Kwa ufupi: pima umbali wa mtoto wa mbele ili ujue picha yahitaji pikseli ngapi, pima umbali wa mtoto wa nyuma ili ujue jambo unalolifundisha lahitaji kukuzwa mara ngapi. Mwalimu aliyesahau mojawapo atakuwa amefundisha sehemu moja tu ya darasa.

Pikseli hupotelea wapi?

Mwanachuo wetu alikuwa na simu ya megapikseli 12. Mbona picha yake iliharibika? Tulipoifuata njia yake hatua kwa hatua, tuliona kwamba pikseli zilimponyoka katika sehemu mbili.

Kwanza, alisimama mbali na jani. Jani lilichukua robo tu ya upana wa picha. Kilichobaki kilikuwa ardhi na matawi. Katika pikseli 4000, jani lilipata 1000.

Pili, aliituma picha kwa mtandao wa kutumiana ujumbe. Mitandao hiyo, ili kuokoa gharama na muda, kwa kawaida huipunguza picha kabla ya kuisafirisha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ilifika dukani ikiwa 1600 kwa 1200. Mwenye duka alipokata ardhi na matawi ili abakize jani, alibakiwa na upana wa pikseli 400. Ndizo alizozitandaza juu ya inchi 23.4 za karatasi ya A2.

Sasa tupige hesabu. Pikseli 400 kwa inchi 23.4 ni msongamano wa 17. Kila pikseli ilikuwa na upana wa takriban milimita 1.5, mtoto wa mita 2 hakukosa kuiona. Zaidi ya hayo, pikseli 400 zikigawana jani la sentimita 20, kila moja hubeba nusu milimita ya jani. Mishipa myembamba ya wavu haikuwa na mahali pa kuandikwa. Ilimezwa na rangi ya jirani zake.

Kama picha ingefika dukani bila kupunguzwa, jani lingekuwa na pikseli 1000, na msongamano ungekuwa 43, ambao watosha kwa mtoto wa mita 2. Kama mwanachuo angelisogelea jani hadi lijaze picha nzima, angepata pikseli 4000 na msongamano wa 171. Hatua mbili mbele na njia nyingine ya kutuma zingeliokoa somo bila kuongeza hata senti moja.

Kutokana na mfano huo, twapendekeza mambo yafuatayo:

1. Sogea karibu na kitu unachokipiga picha. Usikivute kwa kupanua kioo kwa vidole, maana kwa kawaida simu huwa inakata picha tu na kuinyoosha, isipokuwa ile yenye lenzi maalumu ya kuvuta mbali.

2. Futa lenzi, egemeza mkono, na piga mahali penye mwanga. Pikseli milioni 12 za picha iliyotikisika ni ukungu uliohesabiwa vizuri.

3. Usiipige picha ya kioo cha simu ukadhani umepata picha yenyewe. Utapata pikseli za kioo hicho tu.

4. Peleka picha dukani kwa simu yenyewe, kwa flashi, au itume kama faili la nyaraka, maana kwa njia hiyo huwa haipunguzwi.

5. Fungua maelezo ya picha katika simu, usome pikseli zake, kisha ugawe kwa inchi za karatasi kabla ya kulipa. Rudia kuzisoma picha ikishafika dukani.

6. Hifadhi nakala ya asili isiyoguswa. Picha za JPEG, ambazo ndizo za kawaida katika simu, hupoteza sehemu ndogo ya habari zake kila zinapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Kama wataka kukata au kuandika juu yake, fanya hivyo katika nakala.

Huenda mtu akauliza: je, pikseli zilizopotea haziwezi kurudishwa? Kompyuta yaweza kuongeza pikseli, na siku hizi zipo programu za akili bandia zinazoifanya picha hafifu ionekane kali. Lakini programu hizo hazijui jani lile lilikuwaje. Hukisia, zikajaza mahali patupu kwa vitu vinavyofanana na vile zilivyowahi kuvipokea. Kwa picha ya mapambo huenda lisiwe tatizo. Kwa somo la Sayansi, mshipa uliokisiwa ni mshipa wa uongo, na mwalimu hana haki ya kuutundika mbele ya watoto. Njia ya haki ni kurudi bustanini na kupiga picha upya.

Kuligeuza jambo hili kuwa somo

Mambo haya yanafaa pia kufundishwa watoto wa darasa la tano au la sita, katika Hisabati au Sayansi. Simu haihitajiki. Twapendekeza kipindi cha dakika 80.

Madhumuni: Mwishoni mwa kipindi kila mtoto aweze kueleza kwamba picha hujengwa kwa miraba, aonyeshe kwa hesabu kwamba upande wa mraba ukigawanywa nusu idadi ya miraba huwa mara nne, na aeleze kwa nini umbali hubadili kile tukionacho.

Zana: Majani halisi, karatasi, rula, penseli za rangi, kamba ya kupimia yenye alama za mita.

Hatua ya kwanza. Kila kikundi kichore mraba wa upande wa sentimita 16, na ndani yake wachore umbo la jani kwa mstari hafifu. Kikundi cha kwanza kigawe mraba wake kwa vyumba vya sentimita 4, cha pili kwa vyumba vya sentimita 2, cha tatu kwa vyumba vya sentimita 1. Kisha wapake rangi kwa sharti moja: chumba ambacho zaidi ya nusu yake imo ndani ya jani hupakwa chote, kingine huachwa cheupe. Hairuhusiwi kupaka nusu ya chumba.

Hatua ya pili. Wahesabu vyumba: 16, 64 na 256. Mwalimu aulize: "Upande umegawanywa mara ngapi? Vyumba vimeongezeka mara ngapi?" Watoto waigundue kanuni wenyewe. Kisha waulizwe ni mchoro upi ulioweza kuonyesha ncha ya jani, na ni upi ulioipoteza. Mwalimu aweke jani halisi kando ya mchoro na awaachie watoto waseme kilichopotea.

Hatua ya tatu. Mwalimu awe ametayarisha karatasi yenye mistari myeusi ya wima, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 2, na nafasi nyeupe za milimita 2 kati yake. Aitundike mahali penye mwanga. Watoto warudi nyuma mmoja mmoja kufuata kamba, na kila mmoja aseme anapofika mahali ambapo mistari imechanganyika ikawa kijivu. Watoto wenye macho ya kawaida watafika karibu na mita 6 au 7. Waandike vipimo vyao, watafute wastani, kisha wagawe milimita 2 kwa umbali huo. Watapata namba iliyo karibu na 0.3, na watakuwa wameipima kwa macho yao wenyewe.

Katika hatua hii mwalimu awe macho. Atakuwepo pengine mtoto ambaye mistari humchanganyikia katika mita 3 au 4. Asichekwe, wala asiambiwe kwamba hakufuata maagizo. Zoezi letu si kipimo cha daktari, lakini limemfunulia mwalimu jambo ambalo pengine mtoto mwenyewe hakulijua: kwamba mwaka mzima amekuwa akitazama ubao asiouona. Mtoto huyo asogezwe mbele siku ile ile, na mzazi aitwe kwa upole ashauriwe kumpeleka kupimwa macho. Hata kama kipindi hiki hakingeleta faida nyingine, hiyo ingetosha.

Tathmini: Mwalimu awape watoto picha ya upana wa pikseli 1200 na ukuta wa kutundikia karatasi yenye upana wa inchi 30. Waulizwe msongamano wake, na kama mtoto wa mita 2 ataziona pikseli. Jibu ni 40, nalo liko karibu kabisa na mpaka wa 42. Mjadala wao juu ya neno "karibu" utamwonyesha mwalimu nani ameelewa.

Hitimisho

Tulipomaliza kuzungumza na mwanachuo yule, alituuliza kama ilikuwa lazima kuchapisha picha, hali mwembe ulikuwa nje ya dirisha. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi tuliyokuwa tumemwuliza sisi. Kitu halisi, kinapopatikana, hupita kila picha, na kama kila mtoto angepewa jani lake mkononi, somo lingekwisha vema. Picha ya ukutani ina kazi yake pale kitu kinapokuwa mbali, kidogo mno, adimu au cha hatari, na pale mwalimu anapotaka macho yote yaelekee mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwanachuo alifanya yote mawili juma lililofuata: alipiga picha ya kipande cha jani kwa karibu, akaipeleka dukani kwa flashi baada ya kugawa pikseli kwa inchi, na akawagawia watoto majani. Watoto wa mstari wa nyuma walichora wavu.

Twawaachia wasomaji wetu maswali machache ya kujipima kabla ya kutoka kwenda kwenye mazoezi:

1. Picha ina pikseli 2400 kwa 1800. Ukiichapisha katika A3 yenye upana wa inchi 16.5, msongamano utakuwa wangapi? Je, yafaa kutazamwa kutoka mita 1?

2. Pima darasa utakalofundisha: mtoto wa mbele yuko mita ngapi kutoka ukutani, na wa nyuma mita ngapi? Kwa vipimo hivyo, tafuta msongamano wa chini unaohitajika na unene wa chini wa mstari utakaoonekana nyuma.

3. Mdudu ana urefu wa milimita 8, na miguu yake ina unene wa milimita 0.1. Ikuzwe mara ngapi ili mguu uonekane kwa mtoto wa mita 6?

4. Chukua picha moja uliyotumiwa kwa simu. Soma pikseli zake, na useme ukubwa wa mwisho ambao ungekubali kuichapisha kwa darasa lako.